Mhubiri Aliyekataliwa

Soma 1 Samweli 16:6–13. Samweli alikuwa nabii wa kweli. Je, alikosea wapi alipomtazama Eliabu?

Mwaka 1888, katika jiji la Birmingham nchini Uingereza, kijana wa miaka 24 alipanda mimbarani kutoa mahubiri ya majaribio. Jina lake aliitwa George Campbell Morgan, naye alikuwa ameomba kupokelewa katika uchungaji wa Wamethodisti. Jengo lilikuwa na nafasi ya watu zaidi ya elfu moja, lakini waliohudhuria walikuwa kama 75 tu, wakiwemo wachungaji waliokuja kumpima. Morgan alikuwa amehubiri tangu akiwa na miaka 13, lakini siku hiyo maneno yalimgomea. Majina ya waliokataliwa yalipotangazwa, lake lilikuwemo.

Alimpelekea baba yake, ambaye naye alikuwa mhubiri, telegramu yenye neno moja tu la kumwarifu kwamba amekataliwa. Jibu lilikuja fupi vilevile: baba alimkumbusha kwamba kukataliwa na watu si kukataliwa na Mungu.

Kijana huyu alikuwa amekwisha kupita katika jaribu kubwa zaidi. Alipokuwa na miaka kama 19, imani yake iliyumba. Alisoma vitabu vilivyoishambulia Biblia, akasoma na vilivyoitetea, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuchanganyikiwa. Mwishowe alivifungia vyote kabatini, akanunua Biblia mpya, akaanza kuisoma yenyewe. Humo ndimo imani yake ilipofufuka. Kwa hiyo mlango ulipofungwa mwaka 1888, bado alikuwa na mahali pa kusimama.

Mlango mwingine ulifunguka kwa Wakongregesheni. Kwao kila kanisa la mahali hujitawala na kumwita mchungaji wake lenyewe. Kanisa dogo katika mji wa Stone lilimwita Morgan, na mwaka 1890 akawekewa mikono, ingawa hakuwahi kusoma chuo cha theolojia. Kutoka huko alihudumu katika makanisa mengine, hata akafika London. Mwaka 1901 alikwenda Marekani kufundisha Biblia katika kazi iliyoanzishwa na Dwight L. Moody huko Northfield.

Mwaka 1904 alirudi London kuchunga kanisa la Westminster Chapel, karibu na jumba la kifalme. Jengo lilikuwa kubwa, ila waumini walikuwa wamepungua sana. Morgan alianzisha shule ya Biblia ya Ijumaa jioni, na watu zaidi ya elfu moja wakawa wanakuja kujifunza. Siri yake haikuwa ya ajabu. Alitenga saa za asubuhi kwa ajili ya Neno, na kabla ya kufundisha kitabu kimoja cha Biblia alikisoma chote mara arobaini au hamsini.

Aliondoka mwaka 1917, akarudi mwaka 1933 akikaribia miaka 70. Alipostaafu mwaka 1943, alimwachia kazi Martyn Lloyd-Jones, aliyekuwa daktari wa tiba, naye pia hakupitia chuo cha theolojia. Morgan alifariki mwaka 1945.

Wale waliomkataa hawakuwa maadui wa injili. Walisikia hubiri dhaifu, wakaamua kwa kadiri ya walichosikia. Samweli naye alimtazama Eliabu kwa moyo mwema. Morgan hakugombana nao, wala hakutumia wito wake kuwa fimbo ya kuwapigia. Alirudi kwenye Neno, akakubali kuanzia penye kazi ndogo. Si kila anayekataliwa ameonewa; lakini kila anayekataliwa anaweza kufanya kama alivyofanya yeye.

Maswali ya Kujadili:

1. Je, umewahi kukataliwa na watu uliowaheshimu? Ulikimbilia wapi kwanza?

2. Tunapochagua viongozi na waalimu kanisani, tunapima nini? Ni nani katika kundi letu ambaye huenda tumempima kwa siku yake moja mbaya?

3. Chagua kitabu kifupi cha Biblia, kwa mfano Filemoni, ukisome chote kila siku juma hili. Siku ya saba umeona nini ambacho hukukiona siku ya kwanza?