Farasi Aliyekosa Mtu: Maisha ya Baroni Nishi na Uranus

Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Methali hii tunaitumia sana kwenye midahalo na kampeni za serikali ya wanafunzi, ingawa wengi wetu hatujawahi kukaa hata juu ya farasi mmoja. Leo nataka kusimulia habari za mtu ambaye farasi mmoja alimtosha, na za farasi ambaye alipita kwa mtu mwingine kwanza kabla ya kumpata yeye. Mtu huyo ni Takeichi Nishi wa Japani. Walioangalia filamu ya Clint Eastwood ya mwaka 2006 kuhusu vita vya Iwo Jima wanamkumbuka: yule afisa mtanashati aliyekuja kisiwani na farasi wakati kila mtu anachimba mahandaki. Filamu ina chumvi yake. Maisha yenyewe hayahitaji chumvi.

Nishi alizaliwa Tokyo Julai 1902. Baba yake, Baroni Tokujiro Nishi, aliwahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mama yake hakuwa mke wa ndoa, na mtoto alilelewa katika nyumba kubwa bila yeye. Mwaka 1912 baba akafariki, na mtoto yule mdogo akarithi ubaroni pamoja na mali. Hebu fikiria: uko darasa la nne, halafu unaambiwa wewe ndiye mwenye nyumba. Alikua akipenda vitu vya kasi, yaani pikipiki, magari, na zaidi ya vyote farasi. Alihitimu mafunzo ya uafisa mwaka 1924 na kuingia jeshi la farasi. Ndani ya jeshi lile, ambalo lilisifu ukimya na kubana matumizi, Nishi alikuwa mtu wa kucheka, kutumia na kusafiri. Hakufanana na wenzake, na wenzake waliliona hilo.

Sasa tuje kwa farasi. Alikuwa dume wa mbegu ya Anglo-Norman ya Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1919, mkubwa wa mwili kupita kawaida. Inasemwa alikuwa na alama nyeupe kama nyota usoni, ndiyo maana akapewa jina la sayari, Uranus. Mwenye naye alikuwa afisa wa jeshi la Italia, na afisa huyo alikuwa na shida moja tu: hakummudu. Farasi aliruka vizuri kuliko wengi, lakini alipotaka mwenyewe na kwa namna alivyotaka mwenyewe. Afisa mwenzake Nishi aitwaye Imamura, ambaye alikuwa Italia wakati huo, alimpasha Nishi habari zake.

Wewe ungefanya nini? Tuna methali nyingine inayosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Farasi wa miaka 11, ana nguvu za kutisha, mwenyewe anatafuta wa kumwachia: mtu mwenye akili zake angeuliza kwanza ana ugonjwa gani. Jeshi la Japani halikutoa fedha za kumnunua. Nishi akatoa zake. Mwaka 1930 akachukua likizo, akapanda meli kupitia Marekani, ambako alifahamiana na nyota wa sinema Mary Pickford na Douglas Fairbanks, kisha akaendelea hadi Italia kumwona mnyama huyo. Akampanda, akamlipia, akaanza kushindana naye hukohuko Ulaya.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari. Kwa nini farasi yuleyule amshinde mtu mmoja na amkubali mwingine?

Tuliozoea kuona farasi kwenye gwaride tu tunadhani mpandaji ndiye anayefanya kazi na farasi anabeba. Kwenye kuruka viunzi siyo hivyo. Kiunzi kimoja kinafuata kingine kwa umbali tofauti, na farasi lazima apime hatua zake ili afike mahali sahihi pa kuinukia. Akiinukia mapema, anaangukia kiunzi kwa miguu ya nyuma. Akichelewa, anakigonga kwa kifua. Farasi mzoefu anaijua hesabu hii. Anachohitaji kutoka juu ni mtu atakayemwonyesha njia, atakayeshika mwendo, halafu amwache aruke. Mpandaji mwoga hufanya kinyume. Anapokaribia kiunzi anavuta hatamu, lijamu inamuumiza farasi mdomoni, na farasi anajifunza kwamba kila akiruka anaadhibiwa. Baada ya muda anagoma, au anakimbia ovyo ili amalize haraka. Kisha tunaandika kwamba farasi ni mkorofi.

Waitalia walilielewa jambo hili mapema. Afisa wao Federico Caprilli, aliyefariki mwaka 1907, alikuwa amepindua namna nzima ya kupanda. Kabla yake wapandaji waliegemea nyuma wakati farasi anaruka. Yeye aliwafundisha kuinama mbele na kufuata mwendo wa mnyama, ili mgongo na mdomo wa farasi viwe huru. Kwa ufupi, alisema mtu ndiye ajifunze farasi. Lakini kuwa na somo zuri nchini hakumaanishi kila mtu amelipata, na Uranus bado alikuwa na bwana asiyemmudu.

Kwa hiyo anayetafuta mpandaji mpya wa farasi mzoefu anatafuta vitu vingi kwa pamoja. Uzito na urefu vinahesabika, maana farasi mkubwa anahitaji miguu inayofika mbavuni. Ujuzi unahesabika. Lakini la juu kabisa ni hulka. Yupo farasi mzoefu mpole anayeweza kumfundisha hata mgeni, na yupo wa moto ambaye mgeni atamharibu na yeye mwenyewe kuvunjika shingo. Uranus alikuwa wa moto. Alihitaji mtu asiyeogopa kasi, tena asiyechukia mwenye kichwa chake. Na kule Tokyo alikuwepo afisa mmoja ambaye wakubwa zake walimwona vilevile.

Tarehe 14 Agosti 1932, siku ya mwisho ya Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, wawili hao waliingia uwanjani mbele ya maelfu ya watu. Njia ilikuwa ngumu mno. Walioanza walikuwa wapandaji 11, waliomaliza 5. Nchi zote zilishindwa kupata wapandaji watatu wa kumaliza, kwa hiyo medali za timu hazikutolewa kabisa. Nishi na Uranus hawakupita bila kosa; walipata alama 8 za makosa. Ila Mmarekani Harry Chamberlin alipata 12 na Msweden Clarence von Rosen 16. Dhahabu ikaenda Japani. Hadi leo ndiyo dhahabu pekee ya Japani katika michezo ya farasi ya Olimpiki, na nchi hiyo ilisubiri hadi Paris 2024 kupata medali nyingine yoyote ya farasi, ya shaba.

Kwenye michezo hiyohiyo kuna jambo jingine lililonigusa. Mjapani mwenzake Nishi, Shunzo Kido, alikuwa kwenye mbio ndefu za nyikani. Karibu na mwisho aliona farasi wake amechoka kupita kiasi, akashuka na kujitoa. Wamarekani wakamwekea kibao cha kumbukumbu huko Riverside, California. Sisi tuliolelewa na msemo wa punda afe mzigo wa bwana ufike tuna cha kujifunza kwa Kido.

Sitaki kumfanya Nishi malaika. Alipokuwa akipigiwa makofi Los Angeles, jeshi lake lilikuwa limeivamia Manchuria tangu mwaka uliotangulia, na yeye alibaki afisa wa jeshi hilo hadi mwisho. Pia ulinganifu wake na Uranus haukuwa uchawi. Mwaka 1936 walikwenda Berlin pamoja, farasi akiwa na miaka 17, wakarudi bila medali. Umri ni umri.

Halafu dunia ikabadilika. Majeshi yaliacha farasi na kuchukua vifaru, na Nishi akajikuta kamanda wa Kikosi cha 26 cha Vifaru, Manchuria. Mwaka 1944 walipelekwa Iwo Jima. Julai 18 meli iliyobeba vifaru vyao 28 ilizamishwa na nyambizi ya Marekani. Nishi alirudi Tokyo kutafuta vifaru vingine, na inasimuliwa kwamba alikwenda kumwona Uranus, ambaye sasa alikuwa mzee wa kutunzwa tu zizini. Alirudi kisiwani na mjeledi wake wa kupandia na singa za Uranus. Wamarekani walitua Februari 19, 1945. Mwezi Machi Nishi akafia huko akiwa na cheo cha luteni kanali, umri miaka 42. Mwezi huohuo Uranus naye akafa, bila kuwahi kupata mpandaji mwingine aliyejulikana naye.

Kwa nini mwanafunzi wa ualimu anahangaika na haya yote? Kwa sababu muhula ukiisha wengi wetu tunakwenda mazoezi ya kufundisha, na jambo la kwanza tutakalokabidhiwa ofisini, kabla hata ya chaki, ni orodha ya midomo: yule msumbufu, yule sugu, darasa lile achana nalo. Maneno hayo husemwa kwa nia njema na mara nyingine yana ukweli. Yule afisa wa Italia hakusema uongo. Uranus alikuwa mgumu kweli. Lakini alichokisema kilikuwa habari ya watu wawili, yeye na farasi, na kikaandikwa kana kwamba ni habari ya farasi peke yake.

Na hili lina upande wa pili, ambao nauona mgumu zaidi. Nishi alimfaa Uranus. Sidhani angemfaa kila farasi. Mnyama mwoga, anayehitaji mtu mtulivu wa kurudia somo lilelile siku thelathini, huenda angeharibikiwa mikononi mwa mtu wa kasi kama yule. Vivyo hivyo mwalimu anayewamudu wale wa nyuma wenye kelele anaweza kumpoteza yule wa mbele asiyenyoosha kidole. Hivyo ukipewa darasa na ukaona haliendi, swali la kwanza lisiwe nani mbaya. Angalia kwanza mkono wako uko wapi kwenye hatamu, unavuta au umeachia. Ukiona kweli wewe siye, mtafute mwenzako anayefaa, mpishe. Yule Mtaliano, pamoja na yote, alifanya jambo moja la maana sana: alikubali kumwuza.