DJANGO REINHARDT: Vidole viwili vilivyowatoa jasho wenye vinne

Wadau wa gitaa, ule ubishi wa kila siku kwamba solo la kasi linataka vidole virefu leo naomba tuuweke pembeni kidogo. Nawaletea jamaa aliyepiga solo kwa vidole viwili, na wenye vinne mpaka leo wanahangaika kumfuata.

Jina lake hasa ni Jean Reinhardt, ila dunia inamjua kama Django. Alizaliwa 23 Januari 1910 kijijini Liberchies, Ubelgiji, kwenye familia ya Waroma wa kundi la Manouche, watu wa kuhamahama walioishi kwenye nyumba za magurudumu zinazovutwa na farasi. Alikulia pembezoni mwa Paris, shule hakukaa. Akiwa na miaka 12 hivi alipewa banjo-gitaa, akajifunza kwa kukodolea macho vidole vya wakubwa. Haukupita muda akawa anasindikiza wapiga akodiani kwenye kumbi za dansi. Mwaka 1928 akaingia studio kwa mara ya kwanza, na kiongozi wa bendi kutoka Uingereza, Jack Hylton, akataka kumchukua. Dogo ana miaka 18, dili ndo hiyo.

Halafu ukaja moto. Mkewe Bella alikuwa anatengeneza maua ya bandia ya kuuza, na yalikuwa ya selulodi, plastiki ya zamani inayoshika moto vibaya sana. Usiku mmoja mwishoni mwa 1928 Django karudi kazini, mshumaa ukagusa maua, nyumba nzima ikalipuka. Bella alipona. Django aliungua mguu wa kulia na mkono wa kushoto. Madaktari walitaka kuukata mguu, akagoma. Akauguza kama miezi 18. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vikajikunja, havikunyooka tena. Na kwa asiyepiga gitaa: kushoto ndiko kunakobonyeza nyuzi.

Mdogo wake Joseph akampelekea gitaa pale pale alipolazwa. Ikabidi aanze upya.

Mwenye vidole vinne anaweza kukaa sehemu moja ya shingo akavuka nyuzi zote bila kuhamisha mkono. Django hakuwa na njia hiyo. Alipiga noti mbili kwenye uzi huu, mbili kwenye unaofuata, mkono mzima ukisafiri kwa urefu wa shingo. Akitaka noti zinazofuatana bila kuruka hata freti moja, aliteleza na kidole kimoja juu ya uzi huku kila freti ikisikika. Vile vilivyoumia navyo hakuviacha, alivipachika kwenye nyuzi nyembamba kwa baadhi ya chodi. Kwa hiyo wanaosema alitumia vidole viwili tu wako sawa kwenye solo, kwenye chodi wanakosea kidogo.

Jaribu hii ujionee. Tumia kidole cha shahada na cha kati tu. Uzi mwembamba kabisa, freti ya 11 kisha ya 8. Uzi wa pili, 10 na 7. Wa tatu, 8 na 5. Wa nne, 7 na 4. Ni noti nne tu zinazojirudia: C, E flati, F shapu na A. Sasa sogeza umbo lote freti tatu kwenda juu, utakuta ni noti zile zile kwa mpangilio mwingine. Django alizipenda sana ngazi za namna hii, maana umbo moja linampeleka shingo nzima. Mara ya kwanza utaona kama vidole si vyako. Nenda polepole mpaka isikike kila noti, kasi itakuja yenyewe baadaye.

Ila wengi tunachemsha kwenye mkono wa kulia. Wapiga gitaa wa Manouche hutumia piki nene, kiganja hakilali juu ya gitaa, na pigo la kwenda chini hutua kwenye uzi unaofuata. Kila wakihamia uzi mwingine wanaanza na pigo la chini. Kuna sababu: gitaa la Selmer alilopiga Django miaka ya 1930 halikuwa na umeme. Ukipiga noti legelege kwenye ukumbi uliojaa watu, imepotea.

Mwaka 1931 kule Toulon, mchoraji Émile Savitry alimsikilizisha santuri za Louis Armstrong, na kuanzia hapo ikawa jazi tu. 1934 likaundwa kundi la Quintette du Hot Club de France: magitaa matatu, besi, na fidla ya Stéphane Grappelli. Ngoma hakuna kabisa! Midundo yote ilitoka kwenye magitaa. Minor Swing waliirekodi 1937.

Vita vilipoanza 1939 walikuwa London. Grappelli akabaki, Django akarudi Paris, mji uliokuja kutekwa na Wajerumani mwaka uliofuata, wakati Wanazi walikuwa wanawaua Waroma kwa maelfu. Hapo alikuwa nyota, Nuages ya 1940 ikipigwa kila kona, lakini 1943 alijaribu kutorokea Uswisi na akakwama. Alipona, ndugu zake wengi wa Kiroma hawakupona.

1946 alikwenda Marekani kupiga na Duke Ellington. Carnegie Hall, usiku wa pili, akachelewa kufika. Ndivyo alivyokuwa, saa na yeye havikuwa marafiki. Miaka ya mwisho aliishi Samois-sur-Seine, akivua samaki na kupiga gitaa la umeme. Alianguka 16 Mei 1953 akitoka stesheni ya treni, damu ikavuja kwenye ubongo. Miaka 43 tu.

Miaka 12 baadaye, 1965, kijana wa Birmingham alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, akaamua gitaa basi. Bosi wake wa kiwandani akampelekea santuri ya Django. Kijana akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akavivaa vidoleni, akaendelea. Ni Tony Iommi wa Black Sabbath.

Mliojaribu lile zoezi la vidole viwili, leteni majibu hapo chini.