Mtu Aliyeipa Mirihi Majina

Wazee wa Kigogo husimulia kwamba jina la mji wetu wa Dodoma limetokana na Idodomya, yaani mahali tembo alipozama. Majina mengi ya mahali yako hivyo, wenyeji huona jambo wakalipa mahali jina. Sasa je, ukitaka kuchora ramani ya sayari ambayo haina mwenyeji wa kumuuliza?

Kazi hiyo ilimwangukia Giovanni Schiaparelli, aliyezaliwa Savigliano, Italia, mwaka 1835. Alisoma Turin, kisha akaenda Berlin na Pulkovo, Urusi, kujifunza elimu ya nyota. Mwaka 1862 akawa mkuu wa kituo cha kutazamia nyota cha Brera, Milan, akakiongoza mpaka mwaka 1900. Mwaka 1877 Mirihi ilisogea karibu na Dunia, naye akaikazia macho kwa darubini yenye lenzi ya sentimita 22 hivi.

Kabla yake, ramani ya Mwingereza Richard Proctor ilikuwa imejaa majina ya wanaastronomia. Schiaparelli akaachana nayo. Alichukua majina kutoka Biblia, hadithi za Wagiriki na jiografia ya kale: Elysium, Hellas, Tharsis. Hata Afrika imo, maana aliweka Libya, Aethiopis na Nilosyrtis, jina lenye Nile ndani yake. Mengi bado yanatumika.

Ila neno moja lilizua balaa. Aliona mistari myembamba akaiita canali. Kwa Kiitaliano neno hilo linaweza kuwa mkondo wa asili au mfereji uliochimbwa. Kwa Kiingereza likapita kama mfereji wa kuchimbwa, na watu wakauliza: kama kuna mifereji, nani kachimba? Tajiri wa Marekani, Percival Lowell, akajenga kituo chake Arizona mwaka 1894 na kutangaza kwamba Mirihi ina viumbe wenye akili. Schiaparelli alifariki Milan mwaka 1910, ubishi ukiwa bado moto. Mwaka 1965 chombo cha Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi kikapiga picha. Kumbe ni mashimo na vumbi tu! Mistari mingi ilikuwa jicho la mtu likiunganisha madoa hafifu.

Sisi tunaosomea ualimu tuna la kujifunza hapa. Mtoto wa Kitanzania husoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi ya serikali, akifika sekondari anakutana na Kiingereza. Pale kati kuna mwalimu anayetafsiri, wakati mwingine papo hapo mbele ya darasa. Kiswahili chetu kinatofautisha mkondo na mfereji vizuri kabisa, lakini mwalimu asiyejua kilichokusudiwa atachagua lolote, na darasa zima litaondoka na picha isiyo sahihi. Neno moja liliwapoteza wasomi kwa miaka mingi. Mtoto wa kidato cha kwanza atajinasuaje peke yake?