Mlango miguuni pa Yesu

Ukijaliwa kufika Milano, Italia, kuona mchoro wa Karamu ya Mwisho, utapewa dakika 15 tu. Tiketi hukatwa mapema, na wageni huingia kwa makundi madogo ili vumbi na unyevu visiuharibu ukuta. Muda ukiisha, mnatoka na wengine wanaingia.

Aliyeuchora, Leonardo da Vinci, alizaliwa mwaka 1452, mtoto wa nje ya ndoa. Alijifunza sanaa mjini Florence kwa fundi Verrocchio. Mungu alimjalia vipaji vingi: alichora, alibuni mitambo, alichunguza mwili wa binadamu. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: kazi nyingi aliziacha njiani. Mwaka 1481 watawa walimwagiza picha ya Mamajusi. Akahamia Milano bila kuimaliza.

Huko, mtawala Ludovico Sforza alimpa ukuta wa chumba cha kulia cha watawa Wadominikani. Aliufanyia kazi kuanzia mwaka 1495 hivi hadi 1498. Desturi ilikuwa kupaka rangi haraka juu ya plasta mbichi. Yeye alitaka nafasi ya kutafakari na kusahihisha, akapaka kwenye ukuta mkavu. Rangi haikushika, ilianza kubanduka angali hai. Alifariki Ufaransa mwaka 1519, akiwa na miaka 67, na katika wosia wake aliikabidhi roho yake kwa Mungu.

Sasa utazame mchoro wenyewe. Yesu ametoka kusema kwamba mmoja wao atamsaliti, na meza nzima imetaharuki. Wachoraji wengi wa kabla yake walimweka Yuda peke yake, ng'ambo ya meza, ili ajulikane mara moja. Leonardo alimketisha katikati ya wenzake, karibu na Petro na Yohana, mkononi ana mfuko wa fedha. Itakubidi umtafute.

Kisha shusha macho. Mahali ilipokuwa miguu ya Yesu pana alama ya mlango. Mwaka 1652 mlango kati ya chumba hicho na jikoni ulipanuliwa, na miguu ya Bwana ikakatwa. Hawakuwa maadui wa imani. Ilikuwa nyumba ya watu wa sala, waliokula mbele ya uso ule kila siku. Mgeni wa dakika 15 hukaza macho. Wenyeji walihitaji njia pana ya kupitisha chakula.

Tusiwacheke, ndugu yangu. Wewe nami tu wenyeji wa meza ya Bwana. Tunapanga mstari kila Jumapili huku tukiwaza nyama iliyoachwa jikoni, na ndugu tuliyekosana naye ameketi benchi la nyuma. Yuda naye alikuwa mwenyeji.

Lakini habari njema ipo. Mwaka 1943 mabomu yalikibomoa chumba kile. Ukuta wa mchoro, uliokingwa kwa mifuko ya mchanga, ukabaki umesimama. Baadaye mafundi waliusafisha kwa subira zaidi ya miaka 20, hadi 1999. Yesu bado yuko mezani, mikono ameinyoosha.

Leo ukiikaribia meza yake, usitafute Yuda ni nani. Jiulize kama si wewe, kisha nyoosha mkono wako upokee. Jumapili njema.