Lubumbashi: Moïse Tshombe, mtu aliyeweka msalaba wa shaba juu ya franga

Watu wanaokusanya franga za zamani wanatafuta sana sarafu moja ya shaba ya mwaka wa 1961. Upande mmoja iko na picha ya ndizi, upande mwingine msalaba wa shaba wa Katanga. Sarafu hiyo ilitumika muda usiofika miaka miwili. Aliyekuwa rais wa Katanga wakati ilipotoka ni Moïse Kapend Tshombe, mtu ambaye wakaaji wa Lubumbashi wanabishana juu yake mpaka leo.

Tshombe alizaliwa tarehe 10 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1919 huko Musumba, kwenye makao ya wafalme wa Walunda. Baba yake, Joseph Kapend Tshombe, alikuwa mfanyabiashara tajiri, jambo ambalo lilikuwa nadra kwa Mwafrika katika Kongo ya Wabelgiji. Mtoto alisoma kwa wamisionari Wamethodisti kutoka Marekani, akajifunza kazi ya hesabu. Akamuoa binti wa Mwata Yamvu, mfalme wa Walunda. Biashara alizorithi hazikumwendea vizuri, na maduka yakamletea hasara. Basi akaelekea kwenye siasa.

Sarafu alizozijua tangu utoto zilikuwa na historia yake. Zile za kwanza za shaba zilitoka mwaka wa 1887, wakati wa Léopold wa Pili. Zilikuwa na tundu katikati, na herufi L yenye taji ikizunguka tundu hilo. Baadaye, upande mmoja ukawekwa kichwa cha mfalme Albert na upande wa pili mti wa mawese. Mwaka wa 1943, Ubelgiji ikiwa mikononi mwa Wajerumani, sarafu ya franga 2 yenye pembe sita na picha ya tembo ilitengenezwa Philadelphia, Marekani. Picha zilibadilika kila mara, lakini aliyeamua ziwe nini hakuwa Mkongomani.

Mwaka wa 1958 chama cha CONAKAT kilizaliwa katika mji huu, wakati ungali ukiitwa Elisabethville. Tshombe akawa kiongozi wake, pamoja na Godefroid Munongo, wa ukoo wa mfalme Msiri. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 mwezi wa sita mwaka wa 1960. Siku kumi na moja tu baadaye, tarehe 11 mwezi wa saba, Tshombe akatangaza kwamba Katanga inajitenga.

Nchi mpya ilihitaji bendera, jeshi na franga. Kodi za kampuni ya shaba, Union Minière, zikaingia katika sanduku la Elisabethville badala ya Léopoldville, na Wabelgiji wakaleta maofisa na askari. Benki ya Taifa ya Katanga ikaanzishwa. Noti za kwanza zilibeba sura ya Tshombe mwenyewe. Kwenye noti za mwaka wa 1962 sura yake haikuonekana tena: ile ya franga 100 ilionyesha mama aliyebeba mahindi.

Kwenye sarafu za franga 1 na franga 5 uliwekwa msalaba. Haukuwa msalaba wa kanisa. Ni kipande cha shaba ambacho mababu waliyeyusha na kumimina katika umbo hilo, wakakitumia kwa biashara na mahari karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Misalaba ya namna hiyo imechimbuliwa katika makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale. Mitatu ilichorwa pia juu ya bendera ya Katanga. Hivyo nchi ambayo hakuna taifa hata moja lililoitambua ilijaribu kujionyesha kuwa ya zamani.

Lakini nyuma ya franga hizo kulikuwa damu. Kaskazini mwa Katanga, Waluba waliokataa kujitenga walishambuliwa na askari wa Tshombe, na maelfu wakakimbilia kambi ya wakimbizi hapa mjini. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka wa 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa Elisabethville na kuuawa usiku huohuo. Lawama hiyo haikumwacha Tshombe tena. Mwezi wa tisa, Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola akiwa njiani kukutana naye.

Mwezi wa kwanza mwaka wa 1963, askari wa ONU walimaliza kujitenga kwa Katanga. Tshombe akaenda uhamishoni Hispania. Mwaka uliofuata alirudishwa kuwa waziri mkuu wa Kongo nzima ili azime uasi wa Simba. Rais Kasavubu akamfukuza mwezi wa kumi mwaka wa 1965, na mwezi uliofuata Mobutu akachukua mamlaka. Mwaka wa 1967 Tshombe alihukumiwa kifo bila kuwepo mahakamani. Tarehe 30 mwezi wa sita mwaka huo, ndege yake ikatekwa angani na kupelekwa Algeria.

Mwezi huohuo wa sita, zaire na makuta zilichukua nafasi ya franga huku Kongo. Sarafu ya makuta 5 ilikuwa na sura ya Mobutu.

Algeria haikumtoa Tshombe kwa Mobutu, lakini haikumwachilia pia. Alikufa akiwa kizuizini tarehe 29 mwezi wa sita mwaka wa 1969, akiwa na umri wa miaka 49. Madaktari walisema ni moyo, na wengi hawakuamini. Alizikwa Ubelgiji.

Leo katika soko za Lubumbashi hakuna anayelipa kwa sarafu: franga ni za karatasi, na vitu vikubwa vinahesabiwa kwa dola. Sarafu za Tshombe zinauzwa Ulaya na Marekani kwa wakusanyaji. Misalaba ya shaba iliyotangulia sarafu hizo ingali inaonekana katika jumba la makumbusho la Lubumbashi.