Haroun Tazieff: Kutoka migodi ya kasiteriti hadi ziwa la moto la Nyiragongo

KALIMA, Maniema – Kasiteriti, madini yanayoujulisha mji wa Kalima, ndiyo yaliyompa Haroun Tazieff kazi yake ya kwanza nchini Kongo. Mwaka 1945 alianza kazi katika migodi ya Katanga. Miaka mitatu baadaye alikuwa ndani ya shimo la volkano ya Nyiragongo, na jina lake likaanza kujulikana duniani.

Tazieff alizaliwa Warsaw tarehe 11 Mei 1914, akakulia Ubelgiji na kusomea kilimo, kisha jiolojia. Alipohamia idara ya jiolojia huko Kivu, alitumwa mwaka 1948 kuchunguza mlipuko wa Kituro, ubavuni mwa Nyamulagira. Mwaka huohuo aliteremka Nyiragongo na kuliona ziwa la lava linalochemka.

Tangu mwaka 1967 aliongoza misafara katika jangwa la Afar, Ethiopia na Djibouti. Alishikilia kwamba bahari mpya inazaliwa pale, kwa sababu ardhi inapasuka na pande zake zinaachana. Tawi la magharibi la Bonde la Ufa hilo hilo linapita Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika, mashariki ya Maniema.

Mwaka 1976 volkano ya La Soufrière, kisiwani Guadeloupe, ilianza kutoa mvuke na majivu. Watu zaidi ya 70,000 walihamishwa. Tazieff alipinga, akisema majivu yale ni ya mawe ya zamani, si ya magma mpya. Alipoteza cheo chake katika taasisi ya jiofizikia ya Paris, lakini mlipuko mkubwa haukutokea. Mwaka 1984 serikali ya Ufaransa ilimpa wadhifa wa kushughulikia kinga ya majanga makubwa, akaushika hadi 1986. Alifariki Paris tarehe 2 Februari 1998.

Miaka saba baadaye, Septemba 2005, Afar ilipasuka. Setilaiti zilionyesha ufa wa kilomita 60, uliofunguka hadi mita 8 mahali pengine. Kipimo hicho hufanywa kwa rada: setilaiti hupita juu ya eneo moja mara mbili, na picha zake zikilinganishwa huonyesha ardhi ilivyopanda, kushuka au kusogea, hata kwa sentimita chache.

Kongo nayo ilikihitaji kipimo hicho. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na vyombo havikuwa vimetoa dalili ya wazi kabla. Siku zilizofuata, matetemeko na picha za rada vilionyesha magma ikisogea chini ya mji wa Goma kuelekea chini ya Ziwa Kivu. Tarehe 27 Mei wakuu wa mkoa waliamuru sehemu ya mji ihamishwe, na watu laki kadhaa wakaondoka, wengi kwa miguu kuelekea Sake au Rwanda. Magma ile haikutoka.

Ndilo swali lililomgharimu Tazieff cheo chake: watu waondoke au wabaki? Yeye alilijibu kwa kupanda mlima na kuyatazama majivu. Goma ililijibu kwa kuitazama ardhi kutoka angani. Setilaiti iliona magma ilipo, lakini haikuweza kusema kama itatoka. Uamuzi huo ulibaki kwa binadamu.