Mathias Mnyampala na Uongozi wa UKUTA

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 katika Ugogo, karibu na Dodoma, mbali na pwani iliyohesabiwa kuwa chimbuko la ushairi wa Kiswahili. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kigogo. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo, ambamo alihifadhi kwa Kiswahili maarifa yaliyokuwa yakirithishwa zaidi kwa mdomo.

Fikra kwamba urithi hauna budi kufundishwa ilijitokeza pia alipokuwa mwenyekiti wa UKUTA, yaani chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Mwaka 1968, kufuatia Azimio la Arusha la 1967, Rais Nyerere aliwaomba washairi waieneze siasa ya Ujamaa. Mnyampala aliitikia kwa ngonjera: majibizano ya kishairi yanayoigizwa mbele ya hadhira, ambamo asiyejua huelimishwa na hatimaye hukubali. Kwa njia hiyo mshairi alifanywa mwalimu, na kazi ya chama ikavuka mipaka ya malenga wenyewe.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama, kwani mabishano ambayo mshindi wake anajulikana tangu mwanzo hupunguza mvuto wa kisanaa. Mnyampala alifariki mwaka 1969, kabla ya vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA kuchapishwa mwaka 1970 na 1971. Hata hivyo, utanzu huo ulikita mizizi shuleni, na aliyeukuza alikuwa mtu wa bara.